Tulivyokwenda Kuposa Oloipiri na Mzee Asiye na Rika

Nyie mnaokaa kwenye benchi la bucha langu mmenichosha. Kila siku ni "Mangi, hebu tupe ile ya Oloipiri," na kila nikifika patamu anaingia mteja anataka utumbo, naacha. Kesho yake nakuta mmeshaimalizia wenyewe, na mmenitia maneno ambayo sikuyasema. Sasa nimeiandika yote. Anayejua kusoma amsomee mwenzake, na atakayeniuliza tena nampa mifupa kwa bei ya steki.

Karatu hadi getini

Elibariki mnamjua, ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi tangu hajui kufunga viatu, na leo anaendesha watalii. Nashipae naye mnamjua, yule dada wa mapokezi ambaye akipita hapa ninyi wote mnanyoosha kola. Kwao ni Oloipiri, huko Loliondo. Wamependana, wameelewana, na mimi sina neno juu ya huyo binti.

Shida ilikuwa moja. Kuna bwana wa hukohuko kwao, mwenye mifugo ya kumtosha, alikuwa ameshatuma asali na sukari za posa. Baba yake Nashipae, Mzee Lemayian, akamwambia binti yake, "Hao watu wako wa Karatu waje Jumamosi. Nitawasikiliza mara moja tu. Nisipowaelewa, huyu wa hapa atapata jibu lake." Kwa hiyo hatukuwa tunakwenda matembezi. Tulikuwa tunakwenda na nafasi moja, na Elibariki wiki nzima alikuwa hali, anachezea chakula tu.

Barua ya posa ilikuwa kazi yangu. Nashipae alinisihi kabisa. "Baba, andika Kiswahili tu. Kaka yangu Saitoti ni mwalimu, atawasomea wazee. Na baba mwenyewe Kiswahili cha mnadani anakijua."

Nikamwambia, "Binti, Mchaga haendi kwa wakwe mikono mitupu wala mdomo mtupu. Nitawaandikia Kimaasai."

Mnajua nilikuwa nategemea nini. Elibariki aliniwekea kwenye simu ile akili mnemba, unaiuliza jambo inakujibu, unaipa picha ya karatasi inakutafsiria. Mimi niliiita Karani. Ilishanisomea karatasi ya friza, ile iliyokuja na Kichina kitupu, nikagundua kumbe kitufe kimoja ndicho kilichokuwa kinanigandishia maini mpaka nayakata kwa msumeno. Tangu hapo nilikuwa naiamini kuliko mke wangu, na mke wangu alijua.

Basi nikaiandikia barua kwa Kiswahili, nikaiambia, "Weka hii kwa Kimaasai, na uongeze heshima." Kufumba na kufumbua, barua hiyo. Nikainakili kwa mkono kwenye karatasi safi, maana barua ya posa haichapwi. Nilinakili herufi kwa herufi, na mimi Kimaasai changu ni salamu na kuuliza bei ya dume.

Ijumaa asubuhi tukaondoka na Land Rover ya bosi wake Elibariki. Mke wangu alikuwa ametufungia mkungu wa ndizi mbivu kwa ajili ya wakwe. Pale geti la hifadhi nikashuka kunyoosha miguu, nikaacha mlango wazi kidogo tu. Nyani mmoja jike akaingia kama mwenye gari, akatoka na mkungu. Wazungu wakapiga picha. Elibariki alinitazama, nami nikamwambia kuwa ndizi zenyewe zilikuwa zimeiva mno.

Ukingoni mwa kreta, ndani ya ukungu

Kule juu ukungu ulikuwa mzito hata boneti hatulioni vizuri. Lori la soda lilikuwa limeteleza likakaa katikati ya barabara, matairi ya nyuma yakiwa mtaroni, na dereva wake ameketi ndani anakula karanga. Hakuna wa kupita. Tukaambiwa trekta linakuja, na ninyi mnajua trekta linalokuja linavyokuja.

Baridi ikanishika mifupa. Nikamwacha Elibariki na gari, nikafuata harufu ya vitunguu mpaka mlango wa nyuma wa jiko la lodge moja. Mpishi akawa mtu wa kwetu kabisa, Mama Glory, anatoka kijiji kinachopakana na chetu. Akanipa chai ya tangawizi na mandazi, tukaulizana nani amekufa na nani amejenga.

Ukutani juu ya jiko alikuwa amebandika kikaratasi cha maandishi ya Kifaransa, kimechorwa moyo mwekundu pembeni. "Wageni walinipa jana wakati wanaingia," akasema kwa fahari. "Wananishukuru. Mtoto wao ndiye amechora huo moyo."

Nikamwambia nina karani wa kusoma lugha zote. Nikakipiga picha. Karani akajibu palepale kwamba kikaratasi kinasema hivi: mtoto wetu akila karanga anavimba koo na anaweza kukosa pumzi, tafadhali sana asipewe hata kidogo.

Mama Glory akatazama sufuria. Mchana huo alikuwa anapika mchicha wa karanga, kwa heshima ya wale walioleta shukrani. Aliuondoa motoni, akaosha mwiko mara nyingi sana, halafu akakaa kwenye gunia la viazi akashika kichwa. "Kaka," akasema, "hiyo simu yako Mungu aibariki."

Ninyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nilirudi garini kifua mbele. Nilimweleza Elibariki habari yote, kisha trekta lilipokwisha kulivuta lori nikaieleza tena tuliposhuka upande wa pili, na niliona kabisa kwamba ameanza kutabasamu. Karani ambaye ameokoa mtoto wa Kifaransa atashindwaje na barua moja ya posa? Hilo ndilo nililokuwa nawaza, na ndilo lililoniponza.

Olbalbal, juu ya paa la gari

Ukishuka kutoka ukingoni baridi inabaki juu na vumbi linakupokea. Olbalbal ni tambarare kavu, hata mbuzi wanatembea kwa mawazo. Tairi la nyuma likatoboka, na la akiba likawa halina upepo, kwa sababu vijana wa siku hizi wanakagua redio kabla ya tairi. Elibariki akaanza kuziba. Mimi nikapanda juu ya paa kutafuta mtandao, nataka Karani anifundishe kutamka ile barua.

Nikasimama pale nimeinua simu, nageuka huku, nageuka kule, nakodoa macho. Wakapita wachungaji wakipeleka ng'ombe kwenye maji, wakasimama. Mmoja akauliza kwa Kiswahili, "Rangi gani?"

Nikafikiri ananiuliza gari zilizo nyuma yetu njiani. Nikamjibu, "Nyeupe."

"Zote?"

"Niliona moja tu." Maana kweli kulikuwa na gari jeupe nyuma yetu.

Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, kisha vijana wawili wakaacha kundi wakaanza kukimbia kuelekea mabondeni. Elibariki ndiye aliyeelewa. Kumbe huku mtu akipanda mahali pa juu akatazama pande zote, amepoteza ng'ombe, hana sababu nyingine. Ilibidi tupige honi mpaka wale vijana wakarudi, jasho linawatiririka, na mimi nikawaeleza kuwa nilikuwa natafuta mtandao. Wakanitazama kwa huruma. Mmoja akasema mtandao haujapita huku siku nyingi.

Hata hivyo hawakutuacha. Walikaa na sisi mpaka tairi likapona, wakatupa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, nami nilikunywa mpaka nikaona aibu. Tukalala kijiji cha Piyaya kwa rafiki yake Elibariki, na huko sina la kusimulia ila viroboto.

Oloipiri, nyama kwanza

Jumamosi tukafika bomani kwa Mzee Lemayian jua likiwa limepanda. Ni mtu mrefu, mkavu, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande. Alikuwa amekaa na wazee wenzake, na Saitoti, yule kaka mwalimu, alikuwa pembeni yao. Nashipae alikuwa ametangulia siku mbili. Nilimwona mlangoni kwa mama yake, amevaa shanga, siyo yule wa mapokezi tena, ila macho yalikuwa yaleyale, na yalikuwa na wasiwasi.

Mbuzi alichomwa. Mimi nimechinja maisha yangu yote, kwa hiyo nilipoona kijana anakata bega nikafungua mdomo kumwelekeza. Elibariki akanikanyaga mguu. Nikafunga. Nyama yenyewe ilikuwa nzuri, nakiri, na ilikatwa vizuri vilevile.

Tulipokwisha kula, Mzee akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Haya. Mmetaka nini?"

Nikasimama na bahasha. "Mzee wangu, maneno yetu yapo humu, na yapo kwa lugha yenu." Wazee wakatazamana, wakapendezwa. Saitoti akaipokea, akaanza kusoma kwa sauti.

Mstari wa kwanza tu, wazee wakasogea mbele. Wa pili, mmoja akaweka kiganja mdomoni. Mimi nikaona imewaingia. Mbele kidogo Saitoti akakwama, akasema neno hili halijui, na lile la pili halijui, pengine ni la zamani. Akaendelea. Alipomaliza, Mzee Lemayian akauliza kitu kwa sauti ya chini sana, sauti ya adabu.

Saitoti akatugeukia. "Baba anauliza, aliyeandika barua hii ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Elibariki kwa hofu yake akajibu, "Ni mkubwa wetu."

"Yuko wapi?"

"Karatu. Yeye hatembei."

Hapo wazee wakatikisa vichwa vyao kwa heshima kubwa, na mimi sikuelewa kwa nini. Ikabidi Saitoti anieleze pembeni. Kwa Wamaasai salamu inakwenda kwa umri. Mzee anamsalimia mtoto kwa namna yake, na mtoto anaitikia kwa namna yake, wala hakuna anayekosea. Barua yangu ilimsalimia Mzee Lemayian kama mzee anavyomsalimia mtoto mdogo. Karani alitafuta salamu ya Kimaasai, akaokota ya kwanza aliyoiona.

"Sasa wazee wanasema hivi," Saitoti akaendelea. "Mtu anayemsalimia baba kama mtoto, na anayejua maneno ambayo hata sisi hatuyajui, lazima awe wa rika lililokwisha zamani. Hawajawahi kusikia kama bado kuna aliyebaki. Wanauliza ni rika gani, yaani alitahiriwa na kundi gani."

Mkubwa wetu wa Karatu

Sasa ngojeni niwaambie uongo mdogo wa kijana mwoga unavyokua ukiupa nafasi. Ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai, mkubwa wetu alikuwa na rika, ana miguu mibovu, na amepofuka jicho moja, na jicho lenyewe wazee walimtoboa wao, sisi hatukusema. Mmoja akawa anafikiri aliwahi kumwona utotoni mwake. Mzee Lemayian akasimama, akatoa uamuzi, na Saitoti akatafsiri huku jasho linamtoka, maana yeye alishaanza kushuku.

"Baba anasema mzee kama huyo hajibiwi kwa watoto. Maneno yake ndiyo yaliyoomba, yeye ndiye wa kupewa jibu. Watachagua dume, watakwenda Karatu wenyewe wamsalimie. Mpaka hapo, hana la kusema nanyi."

Nikamtazama Nashipae. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Yule bwana wa asali na sukari hakuwa mbali, boma lake lilionekana pale ng'ambo. Wazee wangekuja Karatu, wangefika hapa buchani kwangu na dume la heshima, na mimi ningewaonyesha nani? Friza?

Niliogopa, sitawaficha. Nikaitoa simu mfukoni, nikaiweka juu ya kigoda mbele ya Mzee. "Baba, mkubwa wetu huyu hapa. Hatembei kweli, ila ni kwa sababu hana miguu."

Oloipiri mtandao upo, kwa bahati mbaya. Mzee Lemayian aliinama, akaitazama simu, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, "Wewe. Rika gani?"

Nikabonyeza. Karani akajibu kwa ile sauti yake ya mtu aliyekula akashiba, "Samahani, mimi ni programu ya kompyuta, sina umri wala rika. Je, ungependa nikusaidie kutafsiri kitu kingine?"

Mzee akanyooka. "Hana rika," akawaambia wenzake. "Hajatahiriwa." Kisha akanigeukia mimi. "Umeniletea layoni anisalimie kama mtoto wake. Ndani ya boma langu. Mbele ya watu wangu."

Layoni ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa, na huko layoni hafungui mdomo kwenye kikao cha wazee. Hakuna aliyecheka. Mzee akachukua fimbo yake akatoka kwenda kuwatazama ndama. Elibariki alikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe bila kuona kama ni mavi. Nashipae aliingia ndani kwa mama yake, na nikamsikia analia. Mimi nilisimama palepale na ile simu, ikauliza tena kama inaweza kunisaidia, nikaizima. Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga kweli, nimeuza furaha ya mtoto wa kaka yangu ili nionekane najua Kimaasai.

Alipokwisha kuwatazama ndama, Mzee akarudi, akaketi, akaweka fimbo magotini, akaongea na wenzake. Walibishana. Mmoja akagonga chini, mwingine akacheka kidogo, wakakubaliana. Safari hii hakumtumia Saitoti.

"Maneno ya layoni," akasema, "hayaingii kikaoni. Akisema, hakuna aliyesema. Unaelewa?"

"Naelewa, baba."

"Basi mimi sijaombwa kitu. Tangu asubuhi nina wageni, wanakula nyama yangu, hawasemi wametaka nini." Akainamisha kichwa upande. "Mmetaka nini?"

Jamani, mimi ni mtu wa maneno, mnanijua, nauza hata shingo kama steki. Pale ile barua yote sikukumbuka hata mstari. Nikasema kwa Kiswahili kilichokuja chenyewe.

"Baba, mimi nachinja ng'ombe Karatu. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, na kaka yangu amekufa. Alikuja kwangu mdogo, akawa analala kwenye chumba cha nyuma cha bucha kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo, na asubuhi nilimkuta ameshafagia. Sikumtuma. Hanywi, hapigi mtu, na akiwa na hofu anasema uongo kama leo, hilo umeliona mwenyewe. Anampenda binti yako. Mimi nimekuja kumwomba awe mtoto wangu. Sina maneno mengine."

Mzee akaigeuza fimbo magotini. Kisha akauliza, "Siku akimtesa mwanangu, nakuja kumshika nani? Hiyo simu?"

"Unanishika mimi. Bucha langu lipo nyuma ya stendi, uliza Mangi, hata kipofu atakupeleka. Njoo na fimbo hiyohiyo."

Akanipa mkono, mkono mkavu na mgumu, akaubana. Nikaanza kumshukuru, akaniambia ninyamaze. Mgeni kwao hupewa mkono, kama nilivyopewa mimi. Mtoto wa nyumbani hapewi mkono, yeye huja mbele ya mzee akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini.

"Wewe," akamwita Elibariki, "njoo."

Elibariki akanyanyuka na suruali yake chafu, akanyoosha mkono kama mimi. Mzee Lemayian hakuupokea. Alingoja. Ndipo kijana akaelewa, akainamisha kichwa, na mzee akaweka kiganja chake chote juu ya utosi wa mtoto wa kaka yangu, akakiacha hapo. Mimi, ambaye kila siku mikono yangu ina damu, nilijifunika uso kwa kofia nikalia mbele ya wakwe zangu.